Gramu na Gari Lililokataa Kutulia

Hiki kisa hamtakiamini, na wala siwalaumu. Nilimsimulia kinyozi wangu, akasimamisha mashine katikati ya kichwa cha mteja akasema, "Mzee, hicho umekitunga jana." Basi nimeamua kukiandika, maana kitu kikishaandikwa watu hukiheshimu kidogo. Kulikuwa na gari ambalo matairi yake yalikuwa yanavimba yenyewe, limefungiwa ndani ya geti, halijaguswa na mtu. Na gari hilo hilo, kwa ushahidi wa mtu mwingine mwenye macho mawili mazima, matairi yake yalikuwa yanasinyaa yenyewe. Gari moja, matairi yale yale manne. Huyu anaapa yanajaa, yule anaapa yanapungua, na wote wawili wanasema kweli. Ngojeni basi.

Mwenye gari ni mpwa wangu, mtoto wa dada yangu wa tumbo moja. Kazi yake ni ukaguzi wa mizani. Kama hujui hiyo ni kazi gani, kamuulize mwenye bucha yeyote na uangalie anavyomeza mate. Mpwa wangu anaingia sokoni na kisanduku cha mbao, ndani yake mawe ya shaba yamepangwa kwa ukubwa kama watoto wa familia moja wanaosubiri kupigwa picha. Anaweka jiwe la kilo moja juu ya mizani yako, anaangalia mshale. Yeye hasemi, mshale ndio unaosema. Wafanyabiashara wamempa jina la Gramu, na kabla hajafika langoni jina limeshatangulia, "Gramu huyo! Gramu anaingia!" na ghafla mizani ya soko zima inakumbuka ukweli.

Nyumbani ni hivyo hivyo. Tunaishi watatu: yeye, mama yake ambaye ni dada yangu mkubwa, na mimi katika chumba cha uani. Nikisema nimemngoja saa nzima, Gramu anajibu, "Dakika ishirini na mbili, Mjomba." Nikisema nimeendesha lori la tani kumi miaka thelathini, anasema lilikuwa la tani saba na miaka ni kumi na tisa. Mtaa mzima unaniita Tani Kumi. Sijui mtoto anapata faida gani kumnyang'anya mjomba wake tani tatu.

Halafu kukaa hajui. Chai anainywa amesimama, simu anaiongea akizunguka meza, hata akifunga viatu anafunga huku anakwenda. Dada yangu husema, "Huyu nilimzaa nikiwa njiani, na mpaka leo hajafika."

Sasa mtu wa namna hiyo, mwenye miaka arobaini na mbili, miaka kumi na tisa amekaa kwenye pikapu ya ofisi yenye kiti kilichochanika, siku moja akaja akasimama mlangoni mwangu akichezesha funguo mkononi. Akasema, "Mjomba, kila kitu nilicho nacho kina sababu yake. Nguo, jiko, kitanda. Nataka kitu kimoja ambacho hakina sababu."

Nikamwambia, "Olewa."

"Nimenunua gari la spoti."

Nilitoka nje bila viatu. Lilikuwa limesimama mbele ya geti, bluu ya wino, milango miwili, viti viwili, chini kiasi kwamba ukikaa ndani unahisi umekalia barabara yenyewe. Lilikuwa la mkono wa pili, la daktari wa meno aliyestaafu. Kwa kulinunua, Gramu alitia humo akiba yake yote, ile ya tangu anaanza kazi. Lakini daktari alikuwa mtu muungwana. Alimwambia hivi: chukua wiki mbili ulizoee. Likikusumbua, lirudishe Jumamosi ya pili kabla ya saa kumi jioni, na chako utarudishiwa chote. Saa kumi ikipita, gari ni lako na maradhi yake ni yako. Tena kulikuwa na mwenye hoteli mmoja aliyekuwa anampigia daktari simu kila siku akiulizia gari hilo hilo. Kwa hiyo hesabu ilikuwa nyepesi: akilirudisha, halioni tena. Akibaki nalo na lina kasoro, kazika akiba ya maisha yake kwenye bati la bluu.

Na kasoro ilijitokeza siku hiyo hiyo. Ukifika mwendo wa themanini, usukani unatetemeka kama mtu mwenye homa. Ukipunguza, unatulia. Ukiongeza, meno yanagongana. Mimi nilikuwa kiti cha pembeni, nikamwambia, "Hiyo ni injini inacheka, imefurahi kupata mwenye gari mpya." Hakucheka yeye.

Jumanne tukalipeleka kwa fundi wa matairi, mtu mwembamba anayeitwa Kimya, na jina hilo hakuonewa. Karakana yake ni kibanda cha mabati, kompresa pembeni inanguruma, na matairi makuukuu yamepangwa mpaka darini. Kimya alizunguka gari mara moja. Akachuchumaa, akaweka kidole ubavuni mwa tairi penye tarakimu nne ndogo. Mbili za kwanza, akaeleza, ni wiki. Mbili za mwisho ni mwaka. Hapo nikamwona mpwa wangu akiinama haraka, maana akionyeshwa tarakimu huyu ni kama nzi kaonyeshwa asali.

"Miaka kumi na moja," akasema.

"Yamezeeka," akasema Kimya. Halafu akapitisha kiganja juu ya tairi, polepole. "Na yamekaa."

Kumbe gari lilikuwa limesimama kwa daktari miaka minne bila kusogezwa, na matairi yalikuwa yamebonyea upande wa chini kama kisigino cha kandambili. Kila yakizunguka, pale pabonyefu panagonga. Mpira wenyewe ulikuwa umepasuka nyufa nyembamba. Mimi nikasema nyufa ni za ngozi tu, hata mimi ninazo. Gramu akaagiza matairi mapya manne, ya nyuma mapana kuliko ya mbele kama gari lile linavyotaka, Kimya akayafunga, akayawekea vipande vya risasi kwenye rimu ili yazunguke sawa, akasoma kibandiko kilicho kwenye fremu ya mlango na kutia upepo. Thelathini na mbili kila tairi, akahakikisha kwa geji, na Gramu akahakikisha kwa geji yake mwenyewe, aliyoinunua kwa ajili hiyo.

Hapo ndipo nilipoingia mimi, mtu wa barabara.

Baba yetu alikuwa dereva wa malori, na alitufundisha kitu kimoja: tairi halipimwi kwa kijisaa, linagongwa. Unachukua chuma, unaligonga, unasikiliza. Tairi zima linalia *ngii*. Tairi laini linalia *bwee*. Nikaokota wenzo, nikagonga tairi jipya la mbele. Likalia *bwee*.

"Fundi," nikasema, "hili halina upepo."

"Linao."

"Halina! Thelathini na mbili ni upepo wa baiskeli. Tia hamsini mtoto atembee salama."

Kimya akamwangalia Gramu. Gramu akaninyang'anya wenzo, taratibu, kama unavyomnyang'anya mtoto kisu. "Mjomba, umenilea, umenifundisha kuendesha, nakuheshimu sana. Matairi yangu usiyaguse."

Mbele ya fundi! Nikakaa kimya mpaka nyumbani, na kimya changu mimi ni kitu kizito.

Lakini tuseme ukweli, gari lilikwenda. Lilikwenda kama linateleza juu ya maziwa. Jioni ile Gramu alifanya kitu ambacho hatujawahi kukiona: alivuta kiti, akakaa, akala chakula chote amekaa. Dada yangu alinikanyaga mguu chini ya meza nisiseme kitu, tusije tukamwamsha.

Mimi nikaingia kulala, usingizi ukakataa. Kila nikifumba macho nasikia *bwee*. Niwaambie jambo moja ambalo silitanii. Nilikuwa na rafiki, tukiendesha malori mawili ya kampuni moja, yeye mbele, mimi nyuma. Tairi lake la mbele lilikuwa laini, nililiona asubuhi, akasema tutalitia upepo mbele ya safari. Tairi lilijikunja kwenye kona. Mimi ndiye niliyemtoa. Kwa hiyo mtu akiniambia thelathini na mbili inatosha, namsikia vizuri kabisa, ila moyo wangu hausikii.

Alfajiri, kweupe kunaanza, nikatoa pampu yangu ya mguu chini ya kitanda. Nikafunga kitambaa kwenye chuma cha kugongea tairi nisiwaamshe. Nikapiga pampu mia tatu kila tairi. Haya, themanini. Nikagonga: *ngii*. Nikarudi kitandani na amani yangu, na saa tatu dada yangu akaja kunipigia mlango kama kawaida, "Wewe mwanaume, jua limekufikia kwenye nyayo!" Katika nyumba hii inajulikana kwamba mimi sijawahi kuamka kabla ya saa tatu. Huo ndio uliokuwa ulinzi wangu.

Jumatano jioni Gramu alirudi hana raha. Gari limekuwa gumu, akasema. Linarukaruka. Ukikanyaga kokoto unalihisi mgongoni, na kwenye barabara mbovu linayumba, halishiki njia. Nikamwambia ni springi, gari jipya linazoea uzito wako. Akaondoka, akangoja gari lipoe, na bila kumwambia mtu akapima. Arobaini na sita! Akadhani Kimya aliongeza baadaye, au yeye alisoma vibaya. Akatoa upepo, tsss, akarudisha thelathini na mbili, akaandika kwenye kijitabu chake. Hilo mimi sikulijua.

Nilichojua mimi ni kwamba Alhamisi alfajiri nilipogonga, tairi lililia *bwee*. Nywele zilinisimama. Tairi jipya, siku moja tu, limepoteza upepo wote niliotia! Nikasema, hapa kuna tundu. Nikachukua maji ya sabuni nikapaka kuzunguka, nikatafuta povu, hakuna povu. Nikatema mate kwenye vali, hakuna. Basi nikajaza tena, yote manne, mpaka goti likalia kuliko tairi. Je, nimwambie? Ningemwambia tairi linavuja, si angelirudisha gari kwa daktari siku ile ile? Na mimi nilikuwa nimeshapita nalo mbele ya kijiwe cha madereva wastaafu mara nne, kioo nimeshusha, kiwiko nje. Nikanyamaza.

Sasa mnaelewa. Mimi nikijaza asubuhi, yeye anatoa jioni. Mimi naona gari linalovuja, yeye anaona gari linalovimba. Na kila mmoja anamficha mwenzake.

Ijumaa alimpeleka mama yake kliniki kuchukua miwani. Dada yangu alishuka getini ameshika kilemba kwa mkono mmoja na kiuno kwa mwingine.

"Mwanangu," akasema, "hili gari nimelikosea nini?"

"Mama, pole."

"Nimetikiswa mpaka nimekumbuka madeni ya marehemu baba yako. Kesho kutwa nikienda popote, nakwenda kwa miguu."

Gramu alifunga mlango wa gari. Alizunguka gari, akazunguka tena. Nilimwona dirishani, mkono kwenye paa, kama mtu anayepapasa ng'ombe mgonjwa. Jumamosi akapima asubuhi kabla ya kuondoka. Jana jioni ameacha thelathini na mbili. Asubuhi, na baridi yote ile, arobaini na saba. Upepo ukipoa hupungua, hilo yeye analijua kuliko jina lake. Huu ulikuwa unaongezeka. Jumatatu akaipeleka geji yake ofisini, akailinganisha na geji kuu ile inayofungiwa kabatini. Geji ilikuwa sahihi.

Mtaniuliza, mkaguzi mzima, mbona hakushuku mtu? Angekuwa sokoni angeshuku mpaka paka. Lakini hapa ni kwake. Geti lina kufuli, ndani kuna mama yake mwenye mgongo na mjomba wake anayelala mpaka saa tatu. Watu wa soko zima anawashuku, watu wa nyumbani kwake hata wazo halikumpitia.

Kwa hiyo akaanza kujishuku mwenyewe, na hapo ndipo jambo liliponitisha, ingawa sababu nilikuwa siijui. Ule mzunguko wake wa meza ukawa mzunguko wa nyumba. Anaanza sentensi, haimalizi. Anafungua jokofu, anasahau alichofuata, anafunga, anafungua. Kijitabu kikawa hakimtoki mkononi. Mwenye bucha aliniambia mwenyewe Alhamisi, nilipokwenda kununua nyama.

"Tani Kumi, mpwa wako anaumwa?"

"Kwa nini?"

"Leo kaipima mizani yangu mara tatu. Na ilikuwa sawa! Mara tatu, mzee. Kaliweka jiwe, kaangalia, katoa, kaweka. Halafu kaniuliza mimi, *mimi*, 'Wewe unaona imesimama wapi?' Miaka yote hii Gramu hajawahi kuniuliza kitu. Nilitaka kulia."

Nikatembea kurudi nyumbani na ile nyama nikiwaza. Nikaona dawa ni moja tu: tundu lipatikane kabla ya Jumamosi. Ijumaa alfajiri nikapiga pampu kwa hasira, Jumamosi alfajiri nikapiga kwa machozi.

Jumamosi hiyo, ndiyo ya mwisho, saa nane na nusu mchana, nilimsikia kupitia ukuta anaongea kwa simu. Sauti ndogo, kavu. "Ndiyo, daktari. Nalirudisha leo. Hapana, hujanikosea. Sijui ni nini. Nimeshindwa kujua ni nini." Akasikiliza. "Mwambie tu yule wa hoteli aje, kama analitaka."

*Nimeshindwa kujua.* Tangu anajifunza kuhesabu vidole sikuwahi kumsikia akisema neno hilo.

Nikavaa kandambili nikatoka mbio. Kutoka kwetu mpaka kwa Kimya ni kilomita saba. Sawa, mbili na nusu. Nilifika nimelowa jasho, Kimya amelala chini ya gari la mtu, miguu tu inaonekana, nikaishika nikaivuta.

"Wewe! Umemuuzia mtoto wangu matairi yanayovuja!"

Akatoka, uso mweusi wa vumbi. "Yapi?"

"Yote manne! Kila siku yanapungua! Unayajaza asubuhi, kesho yake hayana kitu!"

Kabla hajajibu, gari la bluu likaingia karakana. Gramu akashuka, hakunisalimia hata kuniona hakuniona, akaenda moja kwa moja kwa Kimya, kijitabu kimefunguliwa.

"Fundi, saa kumi nalirudisha hili gari. Sikuja kugombana. Nataka tu kujua. Haya matairi umeyatia nini? Kila siku yanaongezeka. Najua haiwezekani. Nimeandika, angalia mwenyewe."

"Yanaongezeka?" nikasema mimi. "Mtoto, yanapungua!"

"Mjomba, unafanya nini hapa?"

"Yanapungua! Nimekuja kumshika shati!"

"Yanaongezeka, Mjomba. Nayapima mimi."

"Nami nayagonga mimi!"

Neno likishatoka halirudi mdomoni. Kimya alikuwa anafuta mikono kwa kitambaa. Akasimamisha kitambaa. Akatuangalia, mmoja, mwingine, akarudi kwa wa kwanza.

"Mzee," akasema, "wewe unasema yanapungua lini?"

"Asubuhi. Alfajiri."

"Na wewe dada?"

"Nayakuta yamejaa. Jioni nayatoa mpaka thelathini na mbili."

"Unayatoa?" nikasema. Nilipata tairi moja kuukuu karibu, nikalikalia.

"Mzee," akasema Kimya, "alfajiri huwa unafanya nini?"

Nilitazama kompresa. Nilitazama bati. Nilitafuta uongo, na mimi uongo huwa nao wa akiba, lakini siku ile ghala lilikuwa tupu. Nikasema, "Nina pampu ya mguu."

Kimya akakaa chini, pale pale kwenye saruji, na yule mtu ambaye katika miaka yote sikuwahi kuona meno yake akacheka mpaka akashika mbavu, mpaka mteja mwenye gari lake akaja kuuliza kama kuna usalama. Gramu hakucheka. Gramu alisimama tuli. Mnamwelewa? Alisimama, hakusogeza hata kidole.

"Mara ngapi?" akaniuliza.

"Ah, mara moja moja, mwanangu, siku ambayo…"

"Mjomba. Mara ngapi?"

"Kumi na moja."

Akafungua kijitabu, akashusha kidole mstari kwa mstari, midomo inahesabu. Akafika chini. "Kumi na moja," akasema. Nafikiri ni mara ya kwanza katika maisha yetu namba yangu na namba yake kukutana.

Halafu akanigeukia. "Unajua umenifanya nini? Nimekwenda kazini wiki nzima siuamini mkono wangu. Mtu ana mizani safi, namtesa. Nikaiona nyumba kama ina pepo. Nikasema labda macho, labda akili. Nikapanga kwenda hospitali! Nilikukataza. Mbele ya fundi nilikukataza."

"Ulinikataza."

"Sasa kwa nini?"

Nikamwambia. Habari ya rafiki yangu na ile kona nilikuwa sijawahi kumsimulia, kwa sababu ndicho kisa pekee nilicho nacho ambacho siwezi kukiongezea kitu. Nilimwambia kwa maneno machache. Nilimwambia tairi lililia *bwee*, na yeye ndiye anayelipanda.

Gramu alikifunga kijitabu. Akaangalia saa. Saa tisa na dakika tano. Akamwambia Kimya, "Weka thelathini na mbili." Na mimi akaniambia, "Njoo uangalie."

Alinichuchumaza pale kama mwanafunzi. Akaweka kiganja changu ubavuni mwa tairi, akanieleza kwamba lori linabeba mzigo na ubavu wake ni mrefu, hili ubavu wake ni vidole vitatu, chini ya huo kuna chuma. Ukilijaza kama la lori, linakanyaga kwa katikati tu, kama mtu anayetembea juu ya mpira, ndiyo maana linaruka, ndiyo maana haliishiki barabara. "Mjomba," akasema polepole, "ulikuwa unalifanya lifanye kile kile unachokiogopa."

Niseme nini? Nilisema, "Kweli hiyo ilikuwa inataka kuandikwa kwenye kibandiko." Akasema, "Imeandikwa."

"Ingia," akaniambia.

"Tunakwenda wapi?"

"Kwa daktari. Nimeshamwita mtu wa watu. Njiani nitajua."

Akapitia ile barabara ya nyuma ya kiwanda cha matofali, ambayo malori yameichimba mpaka imekuwa kama sinia la mayai. Mikono miwili kwenye usukani, nyusi zimekunjwa, anasikiliza kwa makalio kama madereva wa kweli. Shimo la kwanza: gari likashuka, likapanda. La pili. Nikamwona anaongeza mwendo kidogo. Anapunguza. Anakwenda kushoto kutafuta shimo kubwa makusudi, analipata, analipita. Tukaingia lami, akafika themanini, mia, akaachia usukani kidogo, vidole vimefunguka. Gari likaenda mbele, wima, kama limetumwa. Mimi nilikuwa nimebana pumzi tangu kiwandani. Nikamtazama kwa pembeni: nyusi zake zimekunjuka, na mguu wake wa kushoto, ule ambao huwa unachezacheza muda wote hata akiwa kanisani, ulikuwa umetulia kwenye zulia.

Saa kumi kasoro dakika nane tukasimama kwa daktari. Yule mwenye hoteli alikuwa pale kwenye changarawe, mikono mfukoni, tayari anatabasamu kama bwana harusi. Daktari akaja mpaka dirishani. Gramu hakuzima injini. Akashusha kioo.

"Daktari," akasema, "samahani kwa usumbufu. Halirudi."

"Umejua ni nini?"

Nikajikunyata kwenye kiti nikingoja jina langu. Akanitazama, akamtazama daktari. "Upepo ulizidi," akasema. "Nimeurekebisha."

Sasa yule mwenye hoteli, nawaambieni, niliona kwa macho yangu, alipiga magoti pale pale kwenye changarawe na suti yake, akakumbatia bampa ya mbele, akasema ataongeza hoteli nzima juu ya bei, vyumba arobaini pamoja na wapishi wake wote, na Gramu alipotia gia tukamkokota taratibu mpaka kona ya pili huku bado ameng'ang'ania, viatu vyake vimeshika moto, na watu wa mtaa wote wamejipanga barabarani wana…

"Mjomba," anasema Gramu, anayesoma nyuma ya bega langu, "alisema 'haya' akaenda zake. Na vyumba vyake ni tisa."